Mkaza Makombe wa Mulongwe: Maisha ya Baba Sévère Nizigama (1961–2024)

Wachungaji, wazee wa avenyu zetu za mtaa, waimbaji, majirani wa Mulongwe na wa Nyamianda, na ninyi mliofika asubuhi hii kutoka Kiliba na Kalundu, familia inawashukuru kwa kusimama nasi juani. Kabla ya udongo kurudishwa tunaomba mtusikilize kidogo. Tunawasomea maisha ya mtu mmoja, lakini mmeona wenyewe kwamba kaburi limechimbwa pana. Sababu yake imo katika maneno haya.

Sévère Nizigama alizaliwa Kiliba tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikata miwa, na mama yake aliuza maziwa ya mgando njiani. Mama huyo alipenda kusimulia kwamba mtoto wake hakukalia kiti chochote kabla ya kukipindua na kutazama chini. Mguu wa kiti ukiwa umelegea, alitafuta kijiti akaupigilia, ndipo akakaa. Wageni walicheka. Mama aliwaambia, “Mwacheni, huyu anaogopa vitu vinavyoyumba.”

Alisoma shule ya msingi hapo Kiliba, akaimaliza mwaka 1974 na cheti chake. Aliendelea miaka miwili katika mafunzo ya ufundi, lakini mwaka 1976 baba yake alifariki na masomo yakaishia hapo. Hakuwa mtu wa kulalamikia jambo hilo. Alisema kwamba kusoma kulimpa namba, na namba zinamtosha fundi.

Mwaka 1978 aliingia katika atelye, yaani karakana, ya kiwanda cha sukari, akafanya kazi huko miaka kumi na minane. Mkubwa wake wa kazi alimfundisha neno ambalo watoto wake wote wamelikariri: chombo kikikataa kuingia, usikilazimishe, badilisha chombo. Vita vilipofika mwaka 1996 alivuka ziwa na familia mpaka Kigoma, na huko waliishi kwa vibarua. Walirudi Uvira mwaka 2003 wakapanga Mulongwe, nyumba ya tatu kutoka mtoni.

Kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo ilianza Februari 2005. Mzee Abdoul-Karim, mfanyabiashara wa Kimanga aliyeuza mipira na jezi, aliagiza makombe kutoka ng’ambo ya ziwa. Makombe husafiri yakiwa vipande: kitako cha jiwe, shingo, kikombe chenye masikio, na juu kabisa sanamu ndogo ya rangi ya dhahabu. Chuma kimoja chembamba hupita katikati ya vyote kuanzia juu mpaka chini, na nati moja, ndani ya shimo refu la kitako, ndiyo inayovishika vyote pamoja. Nati hiyo ikilegea, kila kipande kinazunguka kinavyotaka.

Abdoul-Karim alimletea sanduku zima. “Sévère, weye uliishi na mashine za sukari. Hii kidude ya kuchezea itakushinda?”

Ilimshinda. Koleo halikufika chini ya shimo. Alipolisukuma kwa nguvu, kitako kilipasuka. Cha pili kilipasuka vilevile, na cha tatu. Abdoul-Karim alikuja kutazama, akavigusa vipande kwa ncha ya kiatu.

“Vitatu,” alisema. “Sasa timu itakayoshinda nitaipa kokoto?”

Hapa ni lazima tumtaje mke wake, maana kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Sévère alimwoa Generose tarehe 18 Julai 1987 kanisani Kiliba. Mungu aliwapa watoto watano, na wawili aliwachukua wakiwa bado wadogo. Generose alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vidogo na maneno machache ya kuchoma. Siku ile alikaa mlangoni akichambua maharagwe, akimtazama mume wake akitokwa jasho. Kesho yake Sévère alipata kwa fundi wa pikipiki kle ya bomba, yaani ule ufunguo mrefu wenye mdomo wazi, namba kumi. Namba ilikubali lakini ufunguo haukuingia shimoni.

“Namba ni yenyewe,” Sévère alisema. “Sielewi.”

“Shimo iko nyembamba, ao kle ndiyo iko nono?” Generose aliuliza.

Alimpokonya ufunguo ule, akachukua tupa, akakaa nao uani siku tatu akiusugua pande zote mpaka ukawa mwembamba kama kidole chake. Ulipoingia shimoni na kuishika nati, hakushangilia. Aliugeuza, akachonga mistari mitatu kwenye mpini.

“Hiyo ya nini?” mume wake aliuliza.

“Ya vitako vitatu. Usije ukasahau.”

Tangu siku hiyo Sévère alishika kombe kichwa chini, akiibana sanamu ielekee mbele, na Generose alikaza. Vidole vya Sévère vilikuwa vinene na havikusikia nati. Vya Generose vilisikia. Jiwe likiwa karibu kulalamika, alisema neno moja tu, “Basi,” naye Sévère aliligeuza kombe, likasimama. Miaka kumi na tano makombe yao yalikwenda mashuleni, makanisani na viwanjani, kutoka Sange mpaka Makobola, na hakuna hata moja lililorudi kwa kuyumba. Abdoul-Karim aliacha kuwatania. Alisema, “Mimi nauza kombe, lakini Mama Generose ndiye anauza usingizi.”

Tunafika Alhamisi tarehe 16 Aprili 2020. Mtuvumilie kwa subira, maana baba mwenyewe alilisimulia jambo hili mara moja tu, kwa mdogo wake, na alilisimulia akiwa ameangalia ukuta.

Walikuwa wanafunga kombe la mashindano ya kwaya, yale ya Pasaka yaliyosimamishwa kwa sababu ya korona. Hakuna aliyekuwa analisubiri, ila Generose alisema likae tayari, ugonjwa utapita. Mvua ilikuwa nzito. Generose alikuwa ameitia nati katika mdomo wa ufunguo, bado hajaiingiza shimoni, aliposikia majirani wakipiga kelele kwamba mto umetoka njia yake. Maji yaliingia mlangoni yakiwa na mawe ndani. Sévère alilikumbatia kombe, Generose alisokomeza ufunguo katika kitenge, kiunoni, akageuka kuchukua viatu vya mtoto wa jirani aliyekuwa amejificha mvua kwao.

“Tangulia,” alimwambia mume wake. “Minye nakuja nyuma.”

Sévère alitangulia. Mtoto yule alimpita mbio mlangoni. Alipofika penye mwinuko wa barabara aligeuka. Nyuma yake palikuwa na maji tu, na nyumba ya tatu haikuwepo, wala ya pili. Mikononi mwake alikuwa ameshika kombe kwa masikio yake mawili.

Walimtafuta Generose mtoni mpaka ziwani siku kumi na moja. Hawakumwona. Wazee walimshauri mume wafanye kama wakubwa walivyofanya kwa mtu aliyechukuliwa na maji, wakate mgomba, wauvike nguo zake, wauzike kwa jina lake, ndipo msiba uondolewe na watoto waendelee na maisha. Aliwasikiliza kwa adabu, akawapa chai.

“Mgomba hauna mkono wake,” alisema.

Waliondoka wakidhani ni uchungu wa siku zile, na kwamba utatulia. Mwaka wa pili walirudi, wakajibiwa hivyohivyo. Mwaka wa tatu pia. Bibiche, binti yake, alikuwa na mchumba, na wazazi wa mchumba hawakutaka kuleta mahari katika nyumba ambayo msiba wake haujafungwa. Bibiche hakumlaumu baba yake hata siku moja, na tunaomba jambo hilo lijulikane leo.

Alihamia Nyamianda akafungua tena atelye yake katika chumba cha mbele, kitanda chake upande wa nyuma na rafu ya makombe mbele. Alifunga makombe kwa ufunguo mwingine. Ndipo mambo haya yakaanza, na wengi wenu mliyaona.

Kombe aliloliweka rafuni jioni, sanamu ikitazama chumba, asubuhi lilikuwa limegeuza sanamu yake. Si kikombe wala kitako, sanamu peke yake. Ilikuwa imempa baba mgongo, na uso wake ulielekea mashariki, ziwani. Mwanzoni alikaza upya kila siku. Kombe la timu ya vijana lilipelekwa Kimanga likafungiwa katika kabati la karani, na baada ya juma moja karani alifungua akakuta mchezaji wa dhahabu amegeukia ubao wa nyuma wa kabati. Ziwa liko upande huo. Kombe la shule moja ya mlimani, ambako gari halipandi, lilifanya hivyohivyo. Watu walianza kusema, “Makombe ya Nizigama yanatafuta mtu.” Timu mbili zilirudisha ya kwao, moja likiwa limefungwa katika gazeti kama kitu cha aibu.

Bibiche hakuamini. Alichukua chaki, akachora mstari mmoja kutoka kwenye miguu ya sanamu mpaka kwenye kikombe, akafunga mlango na kulala na ufunguo wa mlango mkononi. Asubuhi mstari ulikuwa umekatika, nusu huku, nusu kule.

“Ni kamyo, Baba,” alisema. “Zinapita barabarani na mizigo, nyumba inatikisika, nati inalegea.”

Baba yake aliutazama mstari ule muda mrefu.

“Sawa, kamyo. Na kamyo inajua ziwa iko wapi?”

Jibu la kifundi alikuwa nalo mwenyewe. Funguo nyingine zilikuwa nene, zilishika nati kwa ncha tu, na kila kombe lilibaki limepungukiwa nusu mzunguko. Kwa hiyo watu walimhurumia wakamtafutia chombo kinachofaa. Mchungaji alimletea kle kutoka Bukavu. Abdoul-Karim aliagiza nyingine Kigoma. Mwanawe mkubwa Kwizera alimtumia kutoka Bujumbura sanduku zuri lenye funguo kumi na mbili, kila mmoja katika kitanda chake. Baba alizipokea zote kwa mikono miwili. Aliupima kila ufunguo kiganjani, akautia shimoni, akaurudisha kwa mwenyewe.

“Huu umenona,” alisema.

“Baba Kwizera, weye unataka kle iliyofunga kwaresima?” Abdoul-Karim alimwuliza siku moja, na wote wakacheka, hata yeye.

“Zisugue basi kwa tupa kama mama alivyofanya,” Tuyishime, mtoto wa mwisho, alimwambia.

“Nitasugua,” baba alijibu. Hakusugua.

Bibiche ndiye aliyetambua. Aliona kwamba kila alipopewa ufunguo, baba yake hakutazama mdomo wake kwanza. Kidole gumba chake kilipita kwenye mpini, polepole, kikitafuta mistari mitatu. Kisha tu ndipo aliujaribu, kwa heshima ya aliyeuleta. Hakuwa akitafuta chombo cha kazi. Alikuwa anamtafuta mke wake, na ufunguo wa mistari mitatu ndio kitu pekee alichojua kwa hakika kwamba mke wake alikuwa nacho alipoondoka.

Tangu 2021 presha ilimsumbua. Mwaka jana daktari alisema moyo umetanuka, na miguu ikaanza kuvimba. Juni mwaka huu hakuweza tena kwenda mpaka kanisani bila kupumzika mara tatu. Alimwambia mdogo wake kwamba kufa hakumwogopeshi, linalomwogopesha ni kuzikwa kabla ya Generose. “Nitamwambia nini? Kwamba nilipewa kitanda, na yeye bado iko nje?”

Jumanne tarehe 6 Agosti, mchana, alikuja Mama Noella, ambaye anaokota kokoto mtoni Mulongwe wakati wa kiangazi maji yakipungua. Amesimama hapa na ameturuhusu tuyaseme. Alisimama mlangoni bila kutua kikapu kichwani.

“Baba Kwizera, karibu na daraja ni mahali petu, tumepachimba miaka miwili. Kila jiwe nalijua. Leo nimekuta hii.”

“Umeichimbua?”

“Apana. Ilikuwa juu ya mawe. Kama muntu ameiweka, ameenda kunawa.”

Alimpa. Baba alipitisha kidole gumba kwenye mpini, kikasimama. Akapitisha tena. Ufunguo ule ulikaa majini miaka minne na miezi kadhaa, lakini haukuwa na kutu, alama za tupa zilionekana moja moja, na ndani ya mdomo wake nati ilikuwa bado imo.

Hakulia. Alimwomba Mama Noella aketi, akamwuliza kama amekula. Kisha akamwambia Bibiche atoe chini ya kitanda kombe la kwaya, lile aliloliokoa siku ya maji. Lilikuwa limekamilika isipokuwa nati. Lilikuwa limesubiri chini ya kitanda chake miaka yote hiyo, na hakuna aliyelijua ila yeye.

Kesho yake asubuhi, Jumatano, Bibiche alilishika kombe kichwa chini juu ya mto wa kulalia, akaibana sanamu, naye baba aliingiza ufunguo. Uliingia bila sauti. Alizungusha taratibu kwa vidole vyake vinene, na Bibiche aliogopa kwa ajili ya jiwe, maana baba hakuwahi kukaza hata kombe moja bila kulipasua au kuliacha limelegea. Mara akasimama.

“Umesema?” aliuliza.

“Sijasema kitu, Baba.”

“Umesema ‘Basi’.”

“Baba, sijafungua mdomo.”

Kisha akautoa ufunguo. Bibiche alijaribu kuizungusha sanamu kwa nguvu zake zote na haikusogea hata unywele, na jiwe lilikuwa zima.

Alhamisi asubuhi Bibiche aliingia na uji. Rafuni palikuwa na makombe saba, yote yaliyorudishwa na yasiyonunuliwa, ambayo kwa miaka minne yalitazama ziwa. Yote saba yalikuwa yamegeuka. Yalitazama ndani, kitandani, mahali baba alipokuwa amelala. Na la kwaya, la nane, lililowekwa hapo jana yake, lilikuwa katikati yao. Bibiche aliweka bakuli chini. Baba yake alikuwa macho, amelala ubavu, anayatazama.

“Alisema anakuja nyuma,” alimwambia. “Amefika.”

Siku zile zilizobaki alikula vizuri na kuongea kuliko mwaka mzima uliopita. Alimwita mchumba wa Bibiche akamkalisha karibu naye. Aliwaita wazee wa avenyu, akawaambia kwamba sasa anakubali kumzika mke wake, na si mgomba. Walipanga Jumanne ya tarehe 20. Alhamisi tarehe 15 pumzi ilimpungua, akapelekwa hospitali. Mdogo wake alikaa naye. Aliomba mambo mawili tu. La kwanza, kaburi lililopangwa kwa Generose lichimbwe pana. La pili alilisema mara mbili ili lisikosewe.

“Mumuzike yeye kwanza, kisha minye. Safari hii asibaki nyuma.”

Alifariki Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024, saa mbili ya asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu. Kidole gumba cha mkono wake wa kuume kilikuwa juu ya mistari mitatu. Ilibidi Bibiche amwombe ruhusa kwa sauti kabla hajauchukua ufunguo, na hapo kidole kikaachia.

Ameacha watoto watatu: Kwizera wa Bujumbura, Bibiche na Tuyishime wa Nyamianda, wajukuu wanne, mdogo wake Ezechiel na dada zake wawili wa Kiliba, Mzee Abdoul-Karim, ambaye si wa damu lakini ameketi na sisi msibani kama wa damu, na makombe saba, ambayo familia itayapa kwaya na shule zitakazopenda kuyapokea. Tunamshukuru mchungaji, Mama Noella, na wanawake wote wa mtoni walioacha kazi leo.

Sasa mtaona kisanduku kidogo kikishushwa. Ndani yake mna ufunguo uliosuguliwa kwa tupa, na kitenge kimoja. Huyo ni Mama Generose, na yeye anatangulia. Jeneza la baba litafuata baada ya wimbo mmoja. Msiba wa nyumba hii, ulioanza tarehe 16 Aprili 2020, unafungwa leo, wa mama na wa baba kwa pamoja.

Jambo la mwisho. Kombe la kwaya tumeliweka juu ya meza hii tangu saa moja asubuhi, na tuliliweka likiwatazama ninyi. Nati yake imekazwa sawasawa. Tumeipima, mimi Ezechiel na Bibiche, kabla ya kutoka nyumbani, haijalegea hata robo ya mzunguko. Waliosimama mbele wanaona sasa sanamu yake imegeuka, inatazama kaburini. Tunaomba mtu asiiguse, aiache ihesabu mpaka wafike wote wawili.

Mama, tangulia. Baba, fuata. Bwana awalaze upande kwa upande, kwa amani isiyoyumba. Amina.